Pasipoti ya Kipanga

Baba mdogo Mhina alipofariki, mtu wa kuchukua vitu vyake nilikuwa mimi, maana ndugu mwingine huku Doha hana. Nafanya usafi hotelini Lusail, na kutoka Lusail mpaka ile nyumba aliyoitumikia umri wake wote si mwendo wa kutisha. Anwar, dereva wa Kipakistani aliyefanya naye kazi miaka yote, alinikabidhi mfuko wa plastiki wa duka la viatu. Ndani mlikuwa na kanzu mbili, redio, miwani iliyofungwa uzi, pasipoti tatu zimebanwa pamoja kwa mpira, na glavu moja ya ngozi, ya mkono wa kushoto. Pasipoti sikuzifungua. Glavu niliinusa palepale getini, Anwar akageuza uso. Ilinuka vilevile: ngozi kavu, mafuta ya gari, na kwa mbali nyama ya njiwa. Nikawa tena na miaka kumi na mmoja.

Wa rika langu mtanielewa. Kuna mambo mtu unayafungia mbali makusudi, unafanya kazi, unazaa, unalea, unajiona umeyamaliza, kumbe harufu moja tu inayaleta yote mlangoni.

Shule yangu mimi ni ya kuokoteza, kwa hiyo nikikosea maandishi nisameheni. Majina sitakosea. Aliyetuleta Doha, mimi na mama, ni wakala mmoja wa Tanga akiitwa Bakari Mshoro. Alikaa kwenye mkeka wa bibi yangu Handeni, akanywa chai yetu, akasema mama atapika na mtoto atasoma pamoja na watoto wa nyumba. Aliyezifungia pasipoti zetu kabatini ni Rajabu, naye wala hakuwa Mwarabu, alikuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake kinateleza kuliko changu. Kazi yake pale nyumbani waliiita mandubu, yaani mtu wa kufuatilia karatasi maofisini. Tulipofika alitakiwa anifanyie kibali cha kukaa. Hakufanya. Kwanza alisahau, halafu muda ukapita, halafu akaogopa kusema kwamba muda umepita. Basi Rajabu akamwambia mama mwenye nyumba kwamba karatasi za mtoto ziko sawa, na kwa mama yangu akasema, "Huyu binti akionekana mbele, mnakamatwa wote wawili, na shemeji yako Mhina kazi hana."

Miaka mitatu nilikaa nyuma ya ukuta wa jikoni. Uwanja wangu ulikuwa kati ya kamba za nguo na banda la magari. Nilipopata homa kali hospitali sikupelekwa, kwa kuwa kadi sikuwa nayo. Homa iliondoka na sikio langu la kushoto. Ukiniita upande huo mpaka leo utaniona mwenye kiburi.

Haya. Rajabu nimemweka mahali pake. Sasa niseme habari za mtu.

Baba mdogo Mhina alikuwa mdogo wake marehemu baba yangu, naye alikuwa dereva wa nyumba ile tangu kabla hatujafika. Mtu mrefu, mkimya, anayetembea kama hataki kuiamsha ardhi. Ujanani Handeni alikuwa akitega kanga porini, na huko ndiko alikojifunza kutulia. Mzee mwenye nyumba, ambaye miguu ilishakufa na alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, siku moja alimwona Mhina amesimama karibu na kipanga wake mkali, yule aliyekuwa akimrukia kila mtu, na ndege ametulia tuli. Tangu siku hiyo yule kipanga akawa wa Mhina kumtunza.

Mzee enzi zake alikuwa amewinda kila jangwa. Mwanawe Hamad hakuwahi kuwinda nje ya Qatar hata siku moja, na alikuwa ameanza kuona haya mbele ya vijana wenzake. Mwaka ule ikaamuliwa: Hamad atavuka mpaka wa Saudia, asonge kaskazini siku mbili kwa gari, akae huko siku arobaini akiwinda hubara. Hubara ni ndege wa jangwani, mkubwa kuliko jogoo, rangi ya mchanga, anaweza kulala mbele ya miguu yako usimwone. Mzee akatoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba Mhina ndiye apange safari na ndiye ambebe kipanga. Hamad alikuwa hodari wa kupanga kwa mdomo. Kitu kikihitaji kufungwa kamba, alikuwa haonekani.

Miezi mitano Baba mdogo alipanga. Sijaona tena mtu akipanga kitu namna ile, na nimefanya kazi kwenye hoteli zenye mameneja wa kila rangi. Alichukua karatasi za kalenda kuukuu, akageuza upande mweupe, akaandika kila kitu kwa penseli: mapipa ya maji, mahema, kuni, mabuli ya kahawa, pampu ya upepo, mabati ya kuweka chini ya magurudumu gari likizama mchangani. Njia yenyewe aliichora kwa kumuuliza mzee. Alikaa sakafuni miguuni pake baada ya Alasiri, mzee amefumba macho anasema, "Ukiacha kisima unaona vilima viwili kama ngamia amelala, hapo pinda kushoto," naye anachora vilima viwili kama ngamia amelala. Jioni alinionyesha mimi, tukiwa bandani, kidole chake kinatembea juu ya karatasi.

"Hapa tunalala usiku wa kwanza. Hapa kuna kisima, maji yake yana chumvi, ya kuoshea tu. Hapa mchanga laini, tunapunguza upepo wa matairi."

"Umewahi kufika?"

"Bado, mama."

"Sasa unajuaje?"

"Najua kwa sababu namsikiliza aliyefika. Kusikiliza ni kazi, Zaituni. Wengi hawaiwezi hata wenye masikio mawili." Akanitazama kwa pembe ya jicho kuona kama nitacheka. Nikacheka. Ndiye pekee aliyeweza kunitania sikio langu.

Kipanga alipimwa uzito kila siku, maana akinenepa hawindi na akikonda sana anakufa. Mizani aliazima jikoni kwa mama, na hiyo ilikuwa vita.

"Mhina! Mizani yangu ya unga ina manyoya!"

"Nimeifuta, shemeji."

"Umeifuta na nini, na hilo shati? Watu wa humu watakula mkate wenye mbawa."

"Wataruka, shemeji. Si wanataka safari?"

Mama alijifunga khanga upya kwa hasira, akaingia jikoni, nikamsikia anacheka peke yake kwenye masufuria. Alikuwa hacheki sana mwaka ule.

Mimi Baba mdogo alinifundisha kushika. Alinivisha ile glavu, ikanifika kiwikoni, akamweka kipanga juu yake na kipande cha njiwa kati ya vidole vyangu. "Usiushushe mkono mpaka amalize. Ukiushusha ataona wewe si mti. Hatakuja tena." Ndege alikula taratibu, kama bwana mkubwa. Mkono ukatetemeka, machozi yakanitoka, sikuushusha. Mpaka leo sijawahi kusifiwa sifa kubwa kuliko ile: "Huyu mti kabisa."

Sasa nieleze upumbavu wangu. Kwa akili ya mtoto aliyefungiwa, dunia ilikuwa vipande viwili, humu ndani na nje. Nje ndiko aliko bibi, ndiko iliko shule ya udongo mwekundu niliyoiacha darasa la pili. Watu wazima waliposema msafara unakwenda nje ya nchi, sikuona kama kuna nje nyingine. Vilima viwili kama ngamia amelala niliviona kabisa kuwa ni vile vya nyuma ya Handeni. Nilijua wanakwenda kwetu, na nilishangaa tu kwa nini mama hafungi mizigo.

Halafu ikaja ile pasipoti. Kipanga wa kuvuka mpaka lazima awe na pasipoti yake, ndiyo sheria, wa huku wanajua. Rajabu alitoka asubuhi, kesho yake kabla ya Adhuhuri akarudi nayo, kijitabu kipya, mihuri imekauka. Akampa Baba mdogo huku akijisifu.

Mama alikuwa mlangoni ameshika mwiko. "Siku mbili," alisema. Aligeuka akaendelea kukoroga, na alikoroga mpaka chakula kikavurugika.

Mimi nilikitaka kile kijitabu nikione. Baba mdogo alinifungulia.

"Mbona hana picha?"

"Vipanga sura zao moja. Wanamjua kwa pete ya mguuni. Namba ya pete na namba ya kitabu zikilingana, anapita."

"Wanaangalia mguu tu?"

"Mguu tu."

"Na hawamuulizi jina la baba?"

"Wamuulize, atawajibu?"

Alicheka, akakifunga kitabu, akaenda zake kuhesabu kamba. Hakujua amenipa mpango mzima wa safari.

Nilitafuta kopo la maziwa ya unga, nikakata ukanda wa bati kwa mkasi wa mama. Namba nilikwisha kuikariri, maana kipanga nilimshika kila siku na pete yake ilikuwa mbele ya pua yangu. Nikaichora kwa msumari, tarakimu moja baada ya nyingine, nikaukunja ukanda mguuni. Bati lilinikata. Nikavaa soksi juu yake. Magari yalipokwisha kupakiwa, jioni ya mwisho kabla ya Magharibi, nikafungua kisanduku cha mbele cha gari la Baba mdogo, nikachukua pasipoti. Nilifikiri hivi: ndege anaweza kuuruka mpaka bila kitabu. Mimi ndiye nisiyeruka.

Asubuhi magari manne yalipangwa mbele, injini zinanguruma. Mzee alitolewa nje akiwa kwenye kiti chake, aage. Hamad amevaa koti jipya la kuwindia, anatembea huku na huku. Baba mdogo alisoma orodha yake, kitu kimoja kimoja, akiweka alama, mpaka akafika kwenye pasipoti ya kipanga. Akafungua kisanduku. Akakifunga. Akakifungua tena.

Nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya jikoni, sikio zuri limeelekea uwanjani. Kiarabu chao nilikuwa nakielewa, watoto hujifunza lugha hata wakiwa wamefichwa.

"Mwulizeni Mhina," Rajabu alisema, sauti tamu. "Mimi nilimkabidhi mkononi. Vitabu vile vina wanunuzi."

Baba mdogo aligeukia magari. Alianza kushusha mizigo. Maji, mahema, kuni, mabuli, mabati ya mchangani, alishusha kila kitu kwa mpangilio uleule aliopakia, akiweka chini kwa upole, akitazama chini ya kila kimoja. Miezi mitano yake ikalala juu ya sakafu ya uwanja mbele ya watu wanaotazama saa. Hamad akasema neno baya. Baba mdogo akaendelea kushusha. Kuni alizozifunga mwenyewe akazifungua, akazitazama kijiti kwa kijiti.

Hapo sikuweza. Nilitoka. Miaka mitatu sikuwa nimekanyaga uwanja wa mbele, jua lake likanipiga machoni. Nilikwenda mpaka kwenye kiti cha mzee nikamwekea pasipoti magotini, kisha nikavua soksi.

"Huyu binti wa nani?" mzee akauliza.

"Wa mpishi," Baba mdogo akasema. "Damu ya kaka yangu."

"Na hii mguuni ni nini?"

Nikamjibu mwenyewe, kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Pete. Namba zinalingana. Mimi sina kitabu. Nilitaka nipite nayo niende kwa bibi."

Hakuna aliyecheka. Mguu ulikuwa umevimba, damu imekauka juu ya namba. Mzee aliinama akaitazama ile pete, akamwita Rajabu. "Piga magoti. Isome."

Rajabu alipiga magoti kwenye vumbi akasoma pete yangu kwa sauti, tarakimu moja moja. Mzee akafuata kwenye kitabu kwa kidole. Zililingana zote.

"Ndege ulimchukulia siku mbili," mzee akasema. "Huyu unamchukulia muda gani?"

"Inashughulikiwa, bwana wangu."

"Muda gani?"

"Miaka mitatu," Baba mdogo akasema. Na hapo alisema yote, kabati, homa, sikio, kwa sauti ileile aliyosomea orodha ya mizigo. Jambo hilo alikuwa amelinyamazia miaka mitatu kwa kuogopa mama asikamatwe, na najua kunyamaza kule kulimla.

Hamad alitazama saa. "Baba, nimeelewa, ni jambo baya. Tukirudi tutalitengeneza. Siku arobaini tu. Mhina, pakia."

Rajabu bado yuko magotini, lakini niliuona uso wake ukipumua. Siku arobaini zilimtosha. Mzee alikuwa mtu wa kusahau, leo anakumbuka kila kisima cha Arabuni na kesho hamkumbuki mkewe.

Baba mdogo aliutazama msafara. Akamtazama kipanga, amefunikwa kofia yake ya ngozi, anasubiri. Akanitazama mimi.

"Mimi nabaki," alisema. "Anwar analijua gari. Nitampa orodha. Karatasi za mtoto nitazifuata mimi leo, mzee akiwa bado amekasirika."

"Ukibaki leo, Mhina, umebaki," Hamad akasema.

Sikuona uzito wa maneno yale. Nilifikiri anasema habari za leo.

Baba mdogo alimpakilia Anwar upya gari zima, akamsomea karatasi za kalenda kurasa zote, akamwonyesha vilima viwili. Magari yakaondoka. Glavu ilibaki mkononi mwake, kwa kuwa Anwar alikuwa na yake. Nilipoanza kulia alichuchumaa, akanifungua lile bati taratibu. "Unalilia nini? Nitawakuta njiani. Msafara wenye mizigo haukimbii."

Siku tisa tulizunguka maofisini, Rajabu kiti cha nyuma amebeba faili, mdomo umekauka. Kila asubuhi Baba mdogo alimkumbusha mzee upya, kila asubuhi mzee alikasirika upya. Siku ya kumi nikawa na pasipoti yangu mkononi, yenye picha, na karatasi za kutoka, na tiketi. Mama alibaki kumaliza mkataba, akanifuata baada ya miaka miwili. Uwanja wa ndege nilimshika Baba mdogo kanzu.

"Utawakuta kweli?"

"Nitawakuta. Najua kila mahali watakapolala."

Na aliwakuta. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Kila Ijumaa alipiga simu kwa jirani yetu Handeni, nami niliibana kwenye sikio la kulia, watoto wa mtaa mzima wamenizunguka wakisubiri niwasimulie. Alinieleza usiku wa kisima cha chumvi. Alinieleza gari lilivyozama na mabati yalivyoliokoa. Alinieleza hubara alivyozidiwa angani akamrushia kipanga kinyesi kinachonata kama gundi, kipanga akaanguka kama shati bichi, wakamwosha manyoya kwa maji ya kahawa yaliyopoa. Alinieleza siku kipanga alipopotea tangu asubuhi, wakamfuata kwa mlio wa kidude cha redio kilichofungwa mkiani mwake, wakamkuta juu ya mwamba anawatazama kama wao ndio waliopotea. Safari ya siku arobaini alinisimulia karibu mwaka mzima. Nilikua nayo. Nilipokuwa mkubwa, nikarudi Doha kutafuta kazi kwa miguu yangu na pasipoti yangu mfukoni mwangu, bado kila nikikutana naye nilimwambia, "Baba mdogo, niambie ya kwenye mwamba," naye alianza upya.

Ijumaa iliyofuata mazishi sikuwa na zamu. Nikafungua mpira wa zile pasipoti. Ya kwanza, ya zamani zaidi, ina viza ya Saudia, imebandikwa vizuri, safi. Pembeni yake palipotakiwa mhuri wa kuingia hapana kitu. Nikageuza ukurasa. Nikarudi. Nikafungua ya pili na ya tatu, nikazipitia zote mara tatu kwa kidole kama mzee alivyofanya. Dar, Doha. Doha, Dar. Basi.

Nikampigia Anwar.

"Mhina?" alisema. "Hapana, dada, hakuwinda kamwe. Hamad hakumsamehe, na mzee alikufa mwaka uleule. Mhina alipeleka watoto wa nyumba shule. Wao wakakua, akapeleka watoto wao." Nikamsikia anazima injini. "Lakini kule jangwani tulipotea mara tatu. Mara tatu tukampigia kwa simu ya setilaiti. Yuko huku Doha, gari limeegeshwa mbele ya shule, anatuuliza mnaona nini. Tunamwambia. Anasema, geukeni kushoto."

Simu ilipokatika nilikaa kitandani. Bakari Mshoro nasikia amejenga ghorofa. Rajabu sijui aliko, na sitaki mtu aniambie. Niliichukua ile glavu nikaivaa. Siku hizi hainifiki kiwikoni, inanienea sawasawa. Nikaunyoosha mkono mbele yangu, katika chumba kile kidogo, nikatulia. Baada ya muda ukaanza kuuma, halafu ukaanza kutetemeka.

Sikuushusha.